Fatma, Fatuma, Fatima, Fatou: nawapangaje ukutani bila kuwachanganya?

Mkutubi_Msaidizi

Wakuu, salaam. Naandaa ubao wa maktaba ya sekondari, na mada ni jina moja kwa wanawake wa kazi tofauti. Nimechagua Fatma na maumbo yake yote, maana kila darasa lina akina Fatuma wawili watatu. Ubao ni softibodi ya futi 4 kwa 8, lakini nusu ya kulia ni ya matangazo ya shule na haiguswi. Kwa hiyo nina nafasi ya karatasi 12 za A4 tu.

Hadi sasa nina 11: Bi Kidude wa taarabu, Fatma Karume wa Zanzibar, Fatuma Roba wa marathoni, Fatou Bensouda wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), Fatma Samoura wa FIFA, Fatima Jinnah wa siasa za Pakistan, Fatima Meer aliyepinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, Fatima al-Fihri wa Fes huko Morocco, Fatima Whitbread Mwingereza wa mkuki, Lalla Fatma N'Soumer aliyepigana na Wafaransa Algeria, na Fatma Aliye mwandishi wa riwaya wa Uturuki.

Maswali. Fatou ni jina hilihili au nalazimisha? Niwapange kwa herufi ya jina lipi? Makosa gani hujitokeza kwenye kadi za namna hii? Nataka kuyajua kabla sijapeleka steshenari, kwani kuchapa kwa rangi si bei ya kutupa. Na nani awe wa 12?

Faharasa

Naanza na upangaji, maana ndiko makosa mengi yanakozaliwa. Jina la kwanza ni moja kwa wote, hivyo kinachowatenganisha ni jina la pili. Na jina la pili kwenye orodha yako lina kazi tofauti karibu kwa kila mtu. Ukiyachukulia yote kama majina ya ukoo, nusu ya kadi zitakuwa na kasoro.

Fatuma Roba: Roba ni baba yake. Waethiopia hawarithishani jina la ukoo. Mtoto hupewa jina lake, halafu linafuata la baba. Kurasa za matokeo ya riadha huandika ROBA kwa herufi kubwa kwa sababu fomu zao zina kisanduku cha jina la ukoo na lazima kijazwe. Ukiandika "Roba alishinda Atlanta" umemvisha baba medali ya binti. Mwite Fatuma tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Fatou Bensouda: Bensouda ni jina la mume. Kwao ni Nyang. Ukitafuta habari zake za ujanani kwa jina la Bensouda utatoka mikono mitupu.

Lalla Fatma N'Soumer: "Lalla" ni neno la heshima, kama sisi tunavyosema Bi au Mwana. "N'Soumer" ni "wa Soumer", kijiji cha milima ya Kabylia, Algeria. Usimpange kwenye L wala N.

Fatma Aliye: yote mawili ni majina yake mwenyewe. Waturuki walilazimishwa kuwa na majina ya ukoo kwa sheria ya 1934, naye akafariki 1936. Ukiona "Topuz" nyuma ya jina lake, ujue ni la miaka miwili ya mwisho ya maisha yake. Vitabu vyake havina.

Fatima Meer wa Durban alizaliwa Meer na akaolewa na Meer, binamu yake. Yeye hana tatizo, hati zake za zamani na za baadaye zinalingana.

Whitbread ni jina la mama aliyemlea, ambaye ndiye aliyekuwa kocha wake wa mkuki. Bi Kidude ni lakabu tupu. Jina lake ni Fatuma binti Baraka.

Kwa hiyo panga kwa jina la kwanza kama mwenyewe anavyoliandika. Wote wataangukia F na utapata vikundi vinne: Fatima, Fatma, Fatou, Fatuma. Ndani ya kila kikundi fuata neno la pili, ukiruka "binti", "al-" na "N'". Bi Kidude atakaa Fatuma, herufi B. Lakabu iandike kubwa chini ya jina, kwa sababu ndiyo watu watakayoitafuta kwa macho.

Kila kadi ianze na mistari miwili isiyobadilika: jina kamili, halafu mwaka wa kuzaliwa na kufa, mahali, na kazi kwa maneno mawili. Bi Kidude hana cheti cha kuzaliwa. Usimzulie mwaka ili kadi ipendeze, andika tu kwamba alifariki Aprili 2013.

Mwalimu_wa_Chuo

Fatou ni jina hilohilo, hujalazimisha kitu. Asili yake ni Kiarabu فاطمة, na mzizi wake ni kumwachisha mtoto ziwa. Fatima ni mwenye kuachisha.

Kiswahili hakipendi t na m zigusane, kwa hiyo kikapachika u katikati: Fatuma. Ni kazi ileile iliyofanyika kwa *hukm* kuwa hukumu. Fatma ni matamshi yaliyobaki karibu na Kiarabu cha mazungumzo, ndiyo maana utayasikia zaidi Unguja na Mombasa. Waturuki nao wana Fatma, ila walifika huko kwa njia yao.

Afrika Magharibi tazama mwisho wa jina. Ile herufi ya mwisho katika Kiarabu hainenwi mtu akituama, lakini akiunganisha neno inasikika t. Wahausa waliishika t hiyo wakasema Fatimatu. Mali na Guinea wakasema Fatoumata. Wawolofu wakakata mkia, ikabaki Fatou. Na hiyo "ou" ni tahajia ya Kifaransa tu, hutamkwa u. Fatou wa Gambia na yule Fatu wa kidato cha pili wanaitwa jina moja kabisa. Huko Kabylia utakuta pia Fadhma.

Wasichana wanaoitwa Batuli na Zahara watakuuliza mbona wao hawamo. Yote mawili yametokana na lakabu za Bibi Fatima, binti wa Mtume. Waweke kwenye kichwa cha ubao, sentensi moja inatosha.

Na hapo kuna jambo la adabu. Bibi Fatima mwenyewe usimfanye kadi katikati ya wanariadha na wanasiasa. Mtaje kichwani kama asili ya jina, kwa maandishi matupu, bila mchoro wa aina yoyote. Wazazi wengine hawatasema kitu, lakini mmoja tu akija kwa mkuu wa shule ubao unashushwa siku hiyohiyo.

Jingine: jina lisikufanye uandike dini ya mtu. Ureno kuna mji unaitwa Fátima, na tangu habari za kutokewa na Bikira Maria mwaka 1917 Wakatoliki wengi wa Ureno, Brazil na Msumbiji wamewaita mabinti zao Maria de Fátima, au Fátima tu. Ukitaja dini, iwe kwa sababu inahusiana na kazi yake.

Kipima_Muda

Nazishika mbili za riadha, maana zina mitego.

Fatuma Roba, Atlanta 1996, marathoni, 2:26:05. Wa pili, Valentina Yegorova wa Urusi, alifika 2:28:05, yaani dakika 2 kamili nyuma. Weka hizo namba mbili kadini, zinasema kuliko sifa zozote. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya Olimpiki. USIANDIKE "wa kwanza wa Afrika kupata dhahabu ya Olimpiki", kosa ninaloliona kila mara. Nawal El Moutawakel wa Morocco alishaichukua 1984, mita 400 kuruka viunzi, na Derartu Tulu wa Ethiopia ileile akaifuata 1992 katika mita 10,000. Fatuma akaongeza Boston mara tatu mfululizo, 1997, 1998 na 1999.

Fatima Whitbread, mkuki, mita 77.44, Stuttgart 1986. Mitego miwili. Kwanza, mtupo huo aliutupa kwenye mchujo, sio fainali. Ukiandika "alishinda Ulaya kwa mita 77.44" umekosea, ingawa ubingwa aliuchukua. Pili, usiulinganishe na mitupo ya leo. Mkuki wa wanawake ulibadilishwa 1999: kitovu cha uzito kilisogezwa mbele ili uiname mapema na kuchoma ardhi kwa ncha, badala ya kuelea na kutua bapa. Rekodi zote za kabla ya hapo zikafungiwa kando. Andika "rekodi ya dunia ya wakati huo, kwa mkuki wa aina ya zamani" na umemaliza. Ubingwa wa dunia ni Roma 1987. Olimpiki ana shaba ya 1984 na fedha ya 1988, hana dhahabu.

Samoura si mwanamichezo, tafadhali. Ni Msenegali aliyetoka Umoja wa Mataifa, akawa Katibu Mkuu wa FIFA 2016 hadi 2023, mwanamke wa kwanza katika kiti hicho. Katibu Mkuu, sio Rais. Rais ni kiti kingine.

Mkutubi_Msaidizi

Asanteni sana. Nimeshaufuta mstari wa "Roba". Maswali yaliyobaki: picha ya Fatma Karume, maana nikitafuta naletewa mama mtu mzima na wakili kwa pamoja. Na al-Fihri, kila ukurasa una sura tofauti.

Nyaraka

Fatma Karume ni wawili, na wote wanastahili.

Mkubwa ni Bi Fatma Karume, mjane wa Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar aliyeuawa 7 Aprili 1972. Mdogo ni mjukuu wake, Fatma Amani Karume, wakili, Rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika (TLS) 2018 hadi 2019, na binti wa Amani Abeid Karume aliyekuwa Rais wa Zanzibar 2000 hadi 2010. Bibi amelipata jina la Karume kwa ndoa, mjukuu kwa kuzaliwa. Mashine ya kutafutia haiwezi kuwatenganisha kwa sababu maneno ni yaleyale mawili. Wewe ongeza "mjane" au "TLS" kwenye utafutaji, na kabla ya kuchukua picha soma maelezo yaliyo chini yake, sio kichwa cha habari. Kadini andika jina la kati la mjukuu, Amani. Hilo moja linamaliza utata.

Al-Fihri: sura zote unazoziona ni za kubuni. Hakuna picha ya mtu wa Fes wa karne ya 9. Acha nafasi ya picha uweke ua wa Msikiti wa Qarawiyyin, ambao upo na unapigika picha. Na maandishi yawe na kiasi. Habari kwamba alianzisha Qarawiyyin mwaka 859 imo kwenye kitabu cha Ibn Abi Zar, aliyeandika karne ya 14, zaidi ya miaka 400 baadaye. Katika ukarabati wa msikiti huo lilipatikana bao la maandishi linalomtaja Dawud bin Idris kuwa mwanzilishi, na mwaka 263 Hijria, sawa na 877. Wanahistoria wanabishana mpaka leo. Neno "inasimuliwa" linakutosha, na mwanafunzi makini atauliza kwa nini kadi hii peke yake inalo. Sentensi ya "chuo kikuu kongwe kuliko vyote duniani" mimi ningeitupa, maana msikiti wenye darsa ulipogeuka chuo kikuu hasa ni ugomvi mwingine.

Fatima Jinnah: wengi humwandika mke wa Muhammad Ali Jinnah, mwasisi wa Pakistan, wengine binti yake. Ni DADA yake. Mke aliitwa Rattanbai na binti Dina. Fatima alikuwa daktari wa meno, na Januari 1965 aligombea urais wa Pakistan dhidi ya Ayub Khan akiwa na umri wa miaka 71. Hakupigiwa kura na wananchi wote, bali na wajumbe elfu 80 wa mabaraza. Bila maelezo hayo msomaji hawezi kuelewa alishindwaje na hali mikutano yake ilifurika.

Bensouda: kwa wasomaji wa Kenya kadi hii itasomwa kwa jicho kali. Kesi za ghasia za baada ya uchaguzi alizifungua Luis Moreno Ocampo. Bensouda alizirithi alipoapa kuwa Mwendesha Mashtaka Mkuu wa ICC Juni 2012. Mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta aliyaondoa yeye Desemba 2014. Kesi ya Ruto na Sang ni majaji walioisitisha, Aprili 2016. Mfunguaji, mwondoaji, msitishaji: watu watatu tofauti, na karibu kila kadi inayaweka yote kwa Bensouda. Hakuwa hakimu pia. Wakati fulani aliwahi kuwa Waziri wa Sheria wa Gambia, hilo likiingia litaonyesha alikotoka.

Fatma Aliye mpe picha ya noti ya lira 50 ya Uturuki, sura yake imo tangu 2009. Wanafunzi watakumbuka noti kuliko riwaya.

Wa 12? Kuna Malkia Fatuma wa Unguja, aliyeegemea Wareno mwishoni mwa karne ya 17 na kuwapelekea chakula walipozingirwa na Waomani ndani ya Fort Jesus. Ni wa kwetu, lakini picha hakuna.

Faharasa

Malkia ni mzuri, ila utakuwa na kadi mbili zisizo na sura. Mimi ningemweka Fatima Jibrell wa Somalia. Miti ya migunga ilikuwa inakatwa kuchomwa mkaa wa kupelekwa Ghuba. Yeye na wenzake wakaendesha kampeni mpaka jimbo la Puntland likapiga marufuku usafirishaji wa mkaa mwaka 2000. Akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman 2002. Mkaa kila mwanafunzi anaujua, na kwenye orodha yako hakuna mtu wa mazingira hata mmoja.

Akina Karume wawili watie kadi moja iliyogawanywa katikati kwa mstari, kila mmoja na picha yake na neno moja chini: "bibi", "mjukuu". Usiwape kadi mbili zilizo mbalimbali, mtu atadhani umerudia.

Pini_na_Manila

Naona hakuna aliyegusa ubao wenyewe. Nusu ya kushoto ni futi 4 kwa 4, sentimita 122 kila upande. A4 ni 21 kwa 29.7. Panga safu wima 4, mistari 3, nafasi ya sentimita 5 kati ya karatasi: upana 99, urefu 99. Utepe wa kichwa wenye kimo cha sentimita 15 unaingia juu, na inabaki 8 ya kugawa juu na chini. Usiongeze kadi ya 13, hakuna pa kuiweka.

Kila karatasi ibandike kwanza kwenye manila iliyokatwa 23 kwa 31.7, yaani sentimita 1 izidi kila upande. Nafasi kati ya kadi itapungua kuwa 3 na mpango unabaki uleule. Manila rangi nne, moja kwa kila umbo la jina: Fatima, Fatma, Fatou, Fatuma. Fatou atakuwa peke yake na rangi yake, sawa tu, ndiyo itakayomfanya mtu aulize.

Maandishi: jina pointi 48, maelezo pointi 20, maneno yasizidi 80. Picha kimo sentimita 10. Ukivuka maneno 80 utashawishika kushusha hadi pointi 14, na mtu aliyesimama hatua mbili nyuma ya mwenzake hasomi tena.

Pini nne kila kadi, pembe zote, jumla 48. Ukiweka mbili za juu tu, unyevu wa pwani utakunja pembe za chini ndani ya wiki moja. Selotepu usitumie kabisa, inageuka njano na ikibanduliwa inaondoka na ngozi ya softibodi. Steshenari waambie wachape kwa printa ya leza. Wino wa majimaji mkono wenye jasho ukipita unachafuka. Na ubao ukitazamana na dirisha la magharibi, nyekundu ndiyo itakayokimbia kwanza.

Mkutubi_Msaidizi

Jibrell anaingia. Karume kadi moja, nusu mbili. Swali la mwisho kwa Mwalimu: kichwani niandike "Fatma" au "Fatuma"? Shule ina wote.

Mwalimu_wa_Chuo

Yaandike yote manne kwa kimo kimoja, na lile la Kiarabu katikati. Kuwa mwangalifu hapo: programu nyingine za kuchapa huzivunja herufi za Kiarabu zikatoka moja moja na kugeuka upande. Neno sahihi lina mafungu mawili tu, ف ikishikana na ا, kisha طمة zote zikiwa zimeungana. Ukiona herufi tano zimesimama mbalimbali kwenye nakala ya majaribio, irudishe kabla hawajachapa ya rangi.

Mkutubi_Msaidizi

Kumbe ndiyo sababu nakala ya jana ilionekana kama namba za simu. Naipeleka tena kesho asubuhi.